Orodha ya Saa Kumi

Mwaka 1976 ofisi iliyotunza daftari la wageni mjini Kampala ilikuwa na kompyuta moja, na watu wawili tu waliobaki wakiielewa. Wa kwanza alikuwa Odur Fabiano, mtu wa Lira, kaskazini mwa nchi, mwenye miaka thelathini na minne, aliyeandika programu. Wa pili alikuwa Emile, Mkongo wa Bukavu, aliyeiendesha mashine yenyewe. Yeye ndiye aliyelisha kadi na kubadilisha karatasi, na kwa kusikiliza tu mlio wake aliweza kujua kama mashine ni nzima au inaumwa. Wahindi walioianzisha kazi hiyo walikuwa wamefukuzwa nchini miaka minne nyuma. Fundi Mwingereza aliyekuja kila mwezi kuikagua aliaga siku moja akisema anakwenda likizo, na hakurudi.

Wawili hao walizungumza Kiswahili, kwa kuwa Emile hakujua Kiingereza na Odur hakujua Kifaransa. Odur alikuwa amekiokota Kiswahili kwa kaka yake askari, ambaye hakuonekana tena tangu mwaka wa kwanza wa serikali ya jeshi, askari wa Lira na Gulu walipochukuliwa makambini.

Kazi ya ofisi ilikuwa rahisi kuieleza. Kila mgeni aliyeishi nchini alikuwa na kibali cha mwaka mmoja. Kilipokaribia kuisha alileta fomu, wasichana wa chumba cha kadi wakaitoboa kwenye kadi, Emile akailisha mashine, na tarehe mpya ikaandikwa kwenye diski. Kuongeza muda huko kulichukua saa nne kwa siku. Kazi ya pili ilifanyika mara moja tu kwa mwezi: kutoa orodha ya wale ambao vibali vyao vimekwisha. Hiyo ilichukua saa tano, na siku hiyo fomu mpya zilingoja.

Mwezi wa nne akaletwa Kapteni mmoja kuwa mkuu wa ofisi. Hakuwa mtu wa kelele. Alimwita Odur Jumanne asubuhi, akamwonyesha kiti.

"Nataka orodha kila siku, saa kumi," alisema. "Lori ya askari inaondoka nayo."

"Afande, orodha inachukua saa tano. Kuongeza muda, saa nne. Na siku ya kazi ni saa nane."

"Fanya yote mbili pamoja."

"Pamoja?"

"Mashini hii inaweza kufanya kazi mbili pamoja. Iko kwa kitabu yake. Ao kitabu inasema uongo, Injinia?"

Kitabu hakikusema uongo. Odur alikisoma mara nyingi na kila mara aliufunga ukurasa huo kwa shukrani kwamba hakuna aliyemwomba. Alichukua karatasi nyeupe juu ya meza, akachora mraba.

"Daftari letu limegawanywa mafungu, Afande. Kila fungu lina watu kumi. Mashine haiwezi kumgusa mtu mmoja peke yake. Inachukua fungu zima, inambadilisha huyo mmoja, kisha inawarudisha wote kumi mahali pao. Sasa chukulia makarani wawili wamechukua nakala ya ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Wa kwanza anaandika kwamba mama fulani ameongezewa muda, anarudisha. Wa pili ana ule ukurasa wa zamani. Anatia alama kwamba bwana fulani muda wake umekwisha, naye anarudisha. Ukurasa wake unakaa juu ya ule wa kwanza. Yule mama nyongeza yake imefutika. Kwenye diski anaonekana hajawahi kuja hapa."

"Mashini itapiga kelele?"

"Hapana, Afande. Hilo ndilo baya lake. Itaendelea kama kawaida."

Kapteni aliuwekea mraba kidole. "Basi weka askari kwa mlango. Karani moja iko ndani, ingine inangoja."

Odur hakutegemea jibu hilo. Mtu huyu hakuwahi kuandika programu, na alikuwa ameifikia kufuli, kama waandishi wa programu wanavyoiita njia hiyo, kwa dakika moja. "Ndiyo, Afande. Inawezekana. Ila kufuli nayo ina hatari zake. Nahitaji wiki tatu nijaribu vizuri. Ama tufanye orodha usiku, zisikutane kabisa."

"Usiku hapana. Umeme inakatika saa kumi na mbili. Na mtu yenu akipotea njiani usiku mimi nitajibu nini?" Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua itanyesha. "Unaanza Jumatatu."

Odur alimweleza Emile saa ya chakula, wakiwa barazani nyuma ya jengo. Njia nyingine ilikuwa kunakili daftari zima kwenye diski ya pili kila asubuhi, orodha isomwe huko. Lakini diski ya pili ilikwaruzika mwaka uliopita, na kuagiza nyingine ng'ambo kulitaka fedha za kigeni ambazo wizara haikuzipata hata kwa dawa za hospitali.

"Mimi na bibi yangu Pélagie tuko ndani ya hiyo diski," Emile alisema, akimaanisha mkewe. "Mimi ni mpaka mwezi wa kumi na moja. Pélagie ni juma lijalo."

"Apeleke fomu mapema."

"Hawapokei mbele ya juma la mwisho. Unajua." Emile alifuta mikono. "Weka kufuli, ndugu Odur. Weka kufuli nzuri."

Akaiweka. Alifanya kazi Jumatano hadi Ijumaa bila kuinua kichwa, na Jumamosi asubuhi wakaijaribu, Kapteni akiwa amesimama nyuma yao mikono mfukoni. Kwa dakika arobaini kazi mbili zilikwenda bega kwa bega ndani ya mashine moja, na Odur, pamoja na hofu yake, aliona fahari. Kisha Emile akainua kidole.

"Imenyamaza," alisema.

Taa zilikuwa zinawaka, feni zinazunguka, lakini diski ilikuwa imeacha kutikisika. Odur alielewa kabla hajaigusa karatasi. Kwenye daftari, mume na mke waliunganishwa, kumgusa mmoja ni kumgusa na mwenzake, na mara nyingi walikaa mafungu tofauti. Programu moja ilikuwa imelifunga fungu la mume na inalitaka la mke. Ya pili ilikuwa imelifunga la mke na inalitaka la mume. Kila moja iliingoja nyingine iachie, na hakuna ambayo ingeachia.

"Nani amesimamisha?" Kapteni aliuliza.

"Hakuna mtu, Afande. Zimefungiana."

"Mashini ya serikali imesimama, na hakuna mtu amesimamisha." Kapteni alimgeukia Emile, akamtazama kuanzia viatuni mpaka kichwani. "Huyu ni mgeni, siyo?"

"Ni mwendeshaji wetu, Afande. Miaka saba."

"Nauliza kama ni mgeni."

"Ndiyo, Afande," Emile akajibu mwenyewe.

Kapteni akaondoka. Wote wawili walijua habari ya fundi wa pampu za maji aliyechukuliwa mwezi uliopita, kwa sababu pampu ilisimama siku ambayo mkubwa mmoja alikuwa na wageni. Mke wake alikuwa bado anazunguka kambi kwa kambi akiuliza.

Jumapili Odur hakwenda kanisani. Alikaa nyumbani kwake Kisugu, mbele ya mafurushi ya karatasi, akipima. Kufuli ikibaki, mashine itasimama mara mbili au tatu kwa siku mbele ya macho ya kila mtu, na kila itakaposimama atatafutwa aliyeisimamisha. Atakuwa Emile, au atakuwa yeye. Kufuli ikitoka, mashine haitasimama kamwe, na watu fulani watafutika kimya. Alipiga hesabu ya mafungu, na ya muda ambao kila fungu hukaa mikononi mwa programu, akapata watu wawili kwa siku, pengine watatu.

Njia ya tatu alikuja kuiona alipokuwa ananawa uso. Programu zote mbili zikilazimika kufunga mafungu kwa kufuata namba, dogo kwanza kubwa baadaye, haziwezi kufungiana hata kidogo. Alisimama maji yakimdondoka kidevuni. Ilikuwa njia safi kabisa. Lakini programu ya orodha iliandikwa na mtu aliyekwisha fukuzwa, na ilitembea kwa kufuata wakuu wa familia, sio namba. Kuigeuza na kuijaribu kulitaka siku kumi za kazi. Yeye alikuwa na jioni moja.

Mkewe, Acayo, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akisahihisha madaftari upande wa pili wa meza. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hao wawili au watatu ni kina nani?"

"Sijui. Hakuna anayeweza kujua. Ni yeyote ambaye kadi yake itapita wakati huo huo."

"Na wakiwa kwenye orodha, lori linawapeleka wapi?"

"Mpakani, wanasema."

"Wanasema," Acayo akarudia. Aligeuza daftari la mtoto, akaweka alama, akageuza lingine. "Na wewe wakikuchukua kwa sababu mashine imesimama?"

Acayo hakumwambia aitoe kufuli, wala hakumwambia aiache. Baadaye alipokumbuka jioni ile Odur alitamani angesema moja kati ya hayo, amlaumu. Lakini aliendelea kusahihisha, na mkono wake wa kushoto ulishika ukingo wa meza muda wote.

Akajitungia faraja. Kila fomu iliyopokelewa ilichapwa kwenye karatasi ya mashine. Yeye atakuja kila asubuhi mapema, atalinganisha karatasi ya jana na diski, na atakayekuwa amefutika atamrudisha kwa mkono. Alijua kwamba wakati huo orodha ya jana itakuwa imekwisha ondoka. Alijiambia kwamba askari huchukua siku mbili tatu kabla ya kumfikia mtu.

Jumatatu aliitoa kufuli. Emile alipomuuliza, alisema, "Nimeirekebisha. Haitakwama tena." Maneno yote mawili yalikuwa na ukweli kidogo. Emile alimpiga begani, akaanza kulisha kadi.

Haikukwama. Saa kumi kasorobo orodha ilikuwa mezani kwa Kapteni, naye alitoka ofisini mwake na kumpa Odur mkono. Jumanne asubuhi Odur alikuta watu wawili wamefutika, akawarudisha. Jumatano alikuta watatu, akawarudisha. Majina yao hakuyasoma sana, alisoma namba. Alhamisi hakukuwa na umeme mpaka saa sita, na uliporudi Kapteni alikuwa tayari mlangoni, akitaka kazi zote mbili zianze mara moja kwa sababu muda umepotea. Siku hiyo Odur hakulinganisha kitu.

Ijumaa, kabla ya saa tano, mlinzi wa lango alikuja kumwita Emile. Kulikuwa na mwanamke anamtaka, Mkongo aitwaye Perpétue, muuza vitenge wa soko la Nateete. Emile alitoka akiwa ameshika furushi la kadi, na alirudi akiwa bado amelishika. Alikwenda moja kwa moja mpaka meza ya Odur.

"Wamechukua Pélagie. Sokoni. Yeye na watu kumi na moja."

Perpétue alikuwa ameona yote, kwa kuwa meza zao zilipakana. Lori lilisimama, askari mmoja akasoma majina kutoka karatasi ya mashine. Jina la Pélagie liliposomwa, yeye mwenyewe alijitokeza kwa haraka, bila wasiwasi, akatoa kibali chake chenye mhuri mpya wa Jumanne. Askari alikiangalia, akamrudishia. "Karatasi kama hii inaandikwa na mtu," alimwambia. "Hii ingine inaandikwa na mashini." Aliruhusiwa kuchukua ndala zake. Vitenge vilibaki mezani.

"Kadi yake nililisha mimi," Emile alisema. "Jumatano. Nilisoma jina, nikacheka, nikaingiza."

Odur alivuta karatasi za Jumatano. Jina lilikuwepo: imepokelewa, saa nne na dakika kumi na mbili. Kisha akaiomba mashine imwonyeshe Pélagie kwenye diski. Tarehe ilikuwa ile ya zamani. Katika fungu lake kulikuwa na mzee mmoja wa Rwanda ambaye muda wake ulikwisha kweli, na programu ya orodha ilikuwa imemtia alama dakika hiyo hiyo.

Emile aliisoma skrini ndogo, akaisoma tena. Alikuwa ameishi na mashine miaka saba. Hakuhitaji kuelezwa.

"Kufuli iko wapi?"

"Niliitoa."

"Uliniambia umerekebisha."

"Ingesimama tena, Emile. Kapteni alikuwa anakutazama wewe. Uliona alivyokutazama."

"Kwa hiyo ulifanya kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yako na yangu."

"Ulijua itakuwa mtu."

"Nilijua," Odur alisema. "Sikujua itakuwa nani."

Emile aliliweka furushi la kadi mezani taratibu, akalinyoosha pembe zake zikae sawa, kama alivyofanya kila siku. Kisha akatoka.

Odur hakumfuata. Alitumia saa mbili kulinganisha kila kitu, na alipomaliza alikuwa na ukurasa wenye majina tisa: watu tisa wenye vibali halali ambao orodha za wiki hiyo ziliwaita wamekwisha muda. Akaupeleka kwa Kapteni.

"Afande, mashine imekosea hawa. Makosa ni yangu. Naomba lori lizuiwe, warudishwe."

Kapteni alisoma majina yote tisa, polepole, akisogeza kidole. "Nani ameona hii?"

"Mimi na mwendeshaji."

"Injinia, ukisema imekosea tisa, kesho elfu moja watakuja hapa, kila mtu na karatasi yake, wote wanasema imekosea." Aliukunja ukurasa mara nne, akautia mfuko wa shati. "Lori imeshafika mahali yake. Rudi kwa kazi."

"Ni mke wa Emile, Afande. Mmoja wao."

Kapteni alifungua faili jingine. Odur alisimama pale mpaka ikawa wazi kwamba mazungumzo yalikwisha zamani.

Emile alikwenda lango la kambi moja, akafukuzwa, akaenda la nyingine. Kisha akapanda basi la Kasese, akafika mpaka wa Kongo kwa miguu, akiuliza kila aliyeuza kitu kando ya barabara. Hakuna aliyeliona lori lolote lenye watu wiki ile. Alirudi baada ya siku tisa, ndevu zimeota, shati limechakaa. Aliweka ufunguo wa chumba cha mashine mbele ya Odur.

"Nichapie Pélagie," alisema.

"Vipi?"

"Ukurasa yake. Kama iko kwa diski sasa. Umerudisha tarehe yake?"

Odur alikuwa ameirudisha Ijumaa ile ile. Akauchapa. Jina, mwaka wa kuzaliwa, Bukavu, kazi biashara ndogo, mume, na chini kabisa kibali halali mpaka Mei 1977. Emile aliusoma akiwa amesimama.

"Hapa hana kosa," alisema.

Aliukunja, akaondoka, na Odur hakumwona tena. Wengine walisema alivuka kwenda Kenya. Wengine walisema alionekana akiuza viberiti Katwe, lakini Odur alikwenda Katwe Jumamosi tatu mfululizo, akapita karakana zote za chuma, na hakumpata.

Alipewa mwendeshaji mpya, akamfundisha. Mchana alifanya kazi ya ofisi, na kila nafasi aliyoipata aliigeuza programu ya orodha ifuate namba. Ilimchukua siku kumi na mbili. Aliirudisha kufuli, akaijaribu kwa familia kubwa, kwa wake wanne, kwa mafungu yote ya daftari. Haikukwama, wala haikumfuta mtu. Aliendelea kulinganisha kila asubuhi kwa mwezi mzima, na kila asubuhi karatasi na diski vilikubaliana.

Orodha sasa ilikuwa sahihi. Ilitoka kila siku saa kumi kasoro dakika ishirini, na kila jina lililokuwemo lilistahili kuwemo: huyu alilazwa hospitali akapitisha tarehe, yule alikuja siku ambayo dirisha lilifungwa, huyu alikuwa mzee hakujua kusoma. Lori lilikuja, likaondoka. Odur alikuwa amedhani kwamba siku ambayo mashine haitakosea, jambo fulani kifuani mwake litatulia. Alisubiri. Watu waliendelea kupanda lori, na hakukuwa na jina hata moja ambalo angeweza kumpelekea Kapteni.

Mwezi wa nane Kapteni alimwita, akamwagizia chai.

"Umefanya vizuri. Wakubwa wamefurahi. Sasa kuna daftari ingine: wafanyakazi wote wa serikali. Wanataka orodha ya kila mtu na wilaya alizaliwa. Na mishahara isisimame. Yote mbili pamoja, kama hii."

Odur alishika kikombe. Alifikiria Lira, kwao, na kaka yake. Alifikiria Gulu, Kitgum, majina ya wenzake wa korido ile aliokula nao. Alifikiria kusema haiwezekani, lakini mtu aliyekaa mbele yake alikwisha kuona kwamba inawezekana, na ni Odur aliyemwonyesha.

"Itachukua muda gani?" Kapteni aliuliza.

"Wiki sita, Afande."

Kapteni akaandika.

Jioni ile alimweleza Acayo, naye akaanza kukunja nguo za watoto. Jumamosi aliwachukua watoto kwa basi la Lira, na nguo chache ili ionekane wanakwenda kumwona bibi. Odur hakuweza kwenda. Mfanyakazi asipofika kazini siku mbili, jina lake lilipelekwa juu, na wangeanza kumtafuta kwao. Aliwasindikiza mpaka kituo cha basi, akamshika mkono mtoto mdogo kupitia dirishani mpaka gari likaanza kusogea.

Jumatatu saa mbili alikuwa mezani pake. Wiki ya sita aliijaribu programu mpya, na ilifanya kazi mara ya kwanza.